"Na Huyu Mdogo Nimlete Lini?"
Nadharia tatu za sosholojia, mifupa ya mtoto mmoja, na maji ya Mlima Meru

Likizo iliyopita, mpwa wangu anayesoma mwaka wa kwanza wa shahada ya sosholojia alikuja kukaa nasi nyumbani Njiro. Jioni moja nilipotoka kazini nilimkuta barazani, daftari mapajani, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayesali. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu na Mlima Meru ulikuwa umejifunua wote, kutoka msituni hadi kileleni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Unasali au unasoma?"

"Nakariri," akajibu. "Nadharia kuu tatu: uamilifu, mgogoro na mwingiliano wa kiishara. Najua nani aliandika nini na mwaka gani. Lakini mjomba, nikiulizwa zinamsaidia nani, sina jibu."

Nilicheka, kwa kuwa swali hilo lilikuwa langu kabla halijawa lake. Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili tulipangiwa vipindi vichache vya sosholojia ya tiba. Tulikuwa madaktari, tukiutamani ukumbi wa upasuaji, na hapa tulikuwa tunaelezwa habari za Durkheim na Marx. Tuliandika tulichoambiwa, tukafaulu mtihani, tukasahau. Mimi nilikuja kukumbushwa na bibi mmoja ambaye hakuwahi kuingia darasa la chuo chochote. Makala haya ni jibu nililompa mpwa wangu jioni ile, nikiwa nimeliongezea yale ambayo wahudumu wa afya wenzangu, na wagonjwa wetu, wanaweza kuyatumia.

Mtoto mwenye miguu ya upinde

Mimi ni daktari bingwa wa mifupa. Miaka kadhaa iliyopita bibi mmoja kutoka kijiji cha mteremko wa Meru alimleta mjukuu wake, msichana wa miaka 9, mwenye matege makubwa ya miguu yote miwili. Kwa ajili ya kulinda faragha yao sitataja jina la mtu wala la kijiji. Mtoto alitembea kwa kuyumba na alikuwa akilalamika maumivu ya magoti. Alipofungua kinywa niliona meno yenye madoa ya kahawia, mengine yakiwa yamemeguka kingo. Picha za eksirei na vipimo vya damu vilitusaidia kutenganisha sababu mbalimbali za matege, zikiwemo upungufu wa vitamini D na wa kalsiamu. Picha iliyobaki ilikuwa ya mtoto aliyekua kwa lishe yenye kalsiamu kidogo huku akinywa maji yenye floraidi nyingi.

Tulimfanyia upasuaji wa kukata na kunyoosha mifupa. Akakaa kwenye plasta kwa wiki nyingi, kisha akajifunza kutembea upya. Siku ya kurudi kliniki alitembea mbele yangu wima, na nakiri kwamba nilijisikia fahari. Nikaandika kwenye faili sentensi ambayo nimeshaiandika mara nyingi: "Familia imeshauriwa kubadili chanzo cha maji."

Bibi alinishukuru sana. Mgongoni alikuwa amembeba mjukuu mwingine, mvulana wa miezi 10, aliyelala fofofo. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mwanangu daktari, mmemnyoosha mjukuu wangu, Mungu awabariki. Lakini huyu mdogo naye anakunywa uji wa maji yaleyale. Huyu nimlete lini?"

Sikuwa na jibu. Sentensi yangu ya kwenye faili ilimwagiza abadilishe chanzo cha maji, lakini sikuwa nimemuuliza maji mengine atayapata wapi, kwa fedha gani, na nani nyumbani kwake mwenye kauli juu ya fedha hiyo.

Kinachotokea chini ya ardhi

Kwanza tuweke sawa upande wa sayansi ya mwili. Miamba ya volkano ya eneo la Meru ina floraidi nyingi, na maji yanapopita humo huiyeyusha na kuibeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya mteremko wa Meru huzidi kiwango hicho mara kadhaa, na maziwa ya Momella, yaliyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana floraidi ya kiwango cha juu mno.

Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi katika miaka ambayo meno ya kudumu yanajengeka ndani ya ufizi, huyaharibu kabla hayajaota. Ikizidi kwa muda mrefu, huingia mifupani, ikaleta ukakamavu wa viungo, maumivu ya mgongo na, kwa watoto wengine, mifupa kupinda. Na jambo hili lazima lieleweke kwa kila msomaji: kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini mvuke unapotoka floraidi hubaki ndani ya sufuria, katika maji yaliyopungua. Dawa ya klorini nayo haiiondoi.

Hayo yote niliyajua. Ambacho sikukijua ni namna ya kulitazama jambo hilo likiwa tatizo la jamii, si la mfupa mmoja. Hapo ndipo daftari langu la zamani liliponiita.

Jicho la kwanza: kila kitu kina kazi yake

Sosholojia ni elimu ya jamii: inachunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja na jinsi maisha hayo yanavyowaunda. Mizizi yake ni mirefu. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, alichambua kuinuka na kuanguka kwa tawala katika utangulizi wake mashuhuri wa mwaka 1377. Jina lenyewe la elimu hii lilianza kutumiwa na Mfaransa Auguste Comte katika karne ya 19.

Nadharia ya uamilifu huitazama jamii kama daktari anavyoutazama mwili. Familia, shule, dini, soko na serikali ni viungo, na kila kiungo kina kazi inayosaidia vingine kuishi. Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1897 kuhusu kujiua, alionyesha kwamba hata tendo linaloonekana kuwa la faragha kabisa hufuata mkondo wa jamii: pale ambapo uhusiano wa mtu na wenzake umelegea, hatari huongezeka. Mmarekani Talcott Parsons, mwaka 1951, aliueleza ugonjwa wenyewe kuwa ni nafasi katika jamii. Mgonjwa husamehewa kazi zake na halaumiwi kwa kuugua, lakini naye anawajibika kutaka kupona na kutafuta msaada wa mtaalamu.

Nilipoyapeleka haya kwa msichana wangu, nikaona jambo la kwanza. Nafasi ya mgonjwa hupewa yule anayeonekana tofauti na wengine. Katika kijiji ambacho karibu kila mtu ana meno ya kahawia, hakuna anayehesabiwa kuwa mgonjwa wa meno. Ndiyo maana bibi yule alimleta mtoto kwa ajili ya miguu, na hakuwahi kuyataja meno.

Jambo la pili lilitoka kwa Robert Merton, aliyetofautisha kazi iliyokusudiwa ya kitu na ile iliyojificha. Jumamosi moja, kwa ruhusa ya familia, nilikwenda nyumbani kwao pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Jikoni tulikuta magadi. Magadi ya eneo letu yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na maharage au makande yanayopikwa kwa magadi huongeza dozi juu ya ile ya maji. Zamani ningesema tu, "Acheni magadi." Safari hii niliuliza magadi yanafanya kazi gani. Bibi alinitazama kama mtu aliyeulizwa kazi ya moto.

"Yanalainisha, mwanangu. Bila magadi makande yanakula kuni za siku mbili."

Kumbe magadi yalikuwa yanabana kuni, na kuni zilikuwa muda na mgongo wa mwanamke. Anayeyaondoa magadi bila kuweka kitu mahali pake ameondoa kiungo kilichokuwa na kazi. Tukazungumza juu ya kuloweka maharage na mahindi usiku kucha na kumwaga maji ya kulowekea, jambo linalopunguza muda wa kupika. Ushauri huo aliupokea, kwa kuwa ulizijali kuni zake.

Uamilifu una udhaifu wake. Unaeleza vizuri kwa nini mambo yamesimama yalivyo, lakini una mazoea ya kuyaona yaliyosimama kuwa yamesimama kwa haki. Kwa swali la haki inabidi tubadili jicho.

Jicho la pili: nani anakunywa nini

Nadharia ya mgogoro humtaja kwanza Karl Marx, na rafiki yake Friedrich Engels ambaye mwaka 1845 alieleza jinsi makazi na kazi vilivyowaua mapema wafanyakazi wa viwandani Uingereza. Madaktari tunaye wa kwetu: Rudolf Virchow, baba wa patholojia ya seli, aliyetumwa mwaka 1848 kuchunguza mlipuko wa homa ya tifasi katika eneo la Silesia ya Juu. Alirudi na ripoti iliyotaja njaa, ujinga na utawala mbovu, akapendekeza elimu, uhuru na maendeleo ya kiuchumi kuwa tiba. Baadaye Max Weber aliongeza kwamba watu hawagawanywi na mali peke yake, bali pia na heshima na mamlaka. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa uwanja wa mijadala ya namna hii, na humo ndimo Walter Rodney alimokuwa akifundisha alipotoa kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika.

Mtu anaweza kusema: volkano haina tabaka, floraidi haimchagui maskini. Ni kweli kwamba mlima haubagui. Lakini kati ya mlima na kinywa cha mtoto kuna ardhi, bomba, bei na maamuzi, na hivyo vyote vina wenyewe.

Historia ya Meru inalisema hili waziwazi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao ipewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa na mifugo ikapotea. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kulalamika kwa niaba ya watu wake. Azimio la kuwaunga mkono halikupata kura za kutosha, lakini kesi hiyo ya ardhi iliamsha siasa za Tanganyika nzima. Nani anaishi wapi kando ya mlima huu, na karibu na maji gani, halikuwa jambo la maumbile peke yake.

Hata kiwango cha "maji salama" kina historia ya kijamii. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu floraidi hadi miligramu 4 kwa lita, ilhali pendekezo la kimataifa lilikuwa 1.5. Sababu haikuwa kwamba mifupa ya Mtanzania ni migumu zaidi. Ni kwamba kuvifunga vyanzo vyote vilivyozidi 1.5 kungewaacha wengi bila maji kabisa. Namba ile ilikuwa mapatano kati ya sayansi na uhaba, na waliolipa gharama ya mapatano hayo ni watu wasiokuwa na chanzo kingine.

Nilipofika hapo, mpwa wangu alifunga daftari.

"Na sisi hapa Njiro, mjomba, tunakunywa maji gani?"

Sote wawili tulitazama dirisha la jikoni. Ndani ilisimama chupa ya lita 20 ya maji ya dukani, na nyingine mbili tupu zikingoja gari la Jumatatu. Maji ya bomba na ya tangi tunafulia na kuogea. Jiji la Arusha limepata mradi mkubwa wa maji wa takribani shilingi bilioni 520, kwa sehemu kubwa mkopo kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, na ni jambo la kushukuru. Lakini swali lake lilikuwa halali. Mimi ninayeandika "badilini chanzo cha maji" nimeshabadili changu kwa kufungua pochi. Sijawahi kumwandikia hivyo jirani yangu yeyote wa Njiro, kwa maana sijawahi kumwona kliniki akiwa na matege.

Jicho la tatu: maana iliyo kati yetu

Jicho la tatu halianzi na taifa wala tabaka. Linaanza na watu wawili wanaotazamana. George Herbert Mead, aliyefundisha Chicago, alisema nafsi ya mtu hujengeka kwa kujiona katika macho ya wengine. Mwanafunzi wake Herbert Blumer aliupa mtazamo huo jina lake, mwingiliano wa kiishara, mwaka 1937: watu huvitendea vitu kufuatana na maana ambayo vitu hivyo vinayo kwao, na maana hiyo huzaliwa katika mazungumzo na maisha ya pamoja. Erving Goffman, mwaka 1963, aliandika juu ya unyanyapaa, yaani alama inayofanya mtu mzima ahesabiwe kuwa pungufu.

Meno ya kahawia ni mfano mzuri kuliko wowote nilioukuta vitabuni. Kijijini hayana maana kubwa. Yakipanda basi hadi Dar es Salaam yanakuwa kitambulisho: "Wewe wa Arusha, siyo?" Kijana anayeomba kazi ya kupokea wageni hotelini hujifunza kucheka huku kiganja kikiwa mdomoni. Jino ni lilelile, na kilichobadilika ni macho yanayolitazama.

Msichana wetu naye alikuwa na jina la utani shuleni, jina ambalo sitalirudia. Nilipomuuliza alitaka nini kutokana na upasuaji hakutaja maumivu. Alisema anataka kuvaa sketi ya shule bila kuivuta chini. Kwa upande wa bibi, matege yalikuwa "miguu ya ukoo", kwa kuwa mjomba wa mtoto alikuwa nayo na babu yake pia. Maelezo hayo hayakuwa ya kijinga: ugonjwa uliokuwa umerudiarudia katika nyumba moja kweli ulifanana na urithi. Kilichorithiwa kilikuwa chemchemi.

Jicho hili lilituepusha pia na kosa jingine. Njia moja ya kupunguza floraidi, iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya wanyama iliyochomwa kitaalamu. Nilipoieleza njia hiyo mezani kwa bibi, jirani mmoja aliuliza kwa adabu, "Mifupa ya mnyama gani, daktari?" Lilikuwa swali la imani, na lilistahili jibu la heshima kabla ya maelezo ya kemia. Kichujio kisichoaminika hakichuji, kwa kuwa hakitumiki.

Macho matatu, mgonjwa mmoja

Nadharia hizi hazishindani ili mmoja abaki ulingoni, ingawa darasani hufundishwa hivyo. Ni kama picha za eksirei: ya mbele haikanushi ya ubavuni. Wala hazitibu. Hakuna nadharia iliyowahi kunyoosha mfupa, na mtoto mwenye maumivu anahitaji daktari kwanza. Kazi ya nadharia ni kutufundisha kuuliza swali ambalo tusingeliuliza. Kwa hiyo, ndugu mhudumu wa afya, kabla hujaandika kwamba mgonjwa "hafuati ushauri", jaribu maswali matatu:

La kwanza: jambo ninalomwambia aache linamfanyia kazi gani, na nimempa nini mahali pake?

La pili: ushauri wangu unagharimu nini, nani analipa, na nani nyumbani mwenye mamlaka ya kuamua?

La tatu: yeye mwenyewe anauitaje ugonjwa huu, anadhani umetokana na nini, na anaogopa wengine watasema nini?

Nawe mgonjwa au mlezi, una haki ya kumjibu daktari swali ambalo hakuliuliza. Akisema "badili maji", mwambie maji yako yanatoka wapi. Kama unaishi kandokando ya Meru, omba maji yako yapimwe floraidi. Maji safi zaidi yapewe kwanza watoto wachanga na wadogo, hasa kwa kupikia uji, kwa kuwa meno na mifupa yao ndiyo inayojengwa sasa. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hivyo kunyonyesha ni kinga. Punguza magadi. Vyakula vyenye kalsiamu, kama maziwa na dagaa, visikose kwa mtoto inapowezekana.

Na usiidharau mvua, kwa kuwa maji yake yana floraidi kidogo mno. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 30 likipata milimita 100 hupokea lita 3,000. Hata tano moja ikipotea, hubaki lita 2,400. Familia ya watu watano inayotumia lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupikia itayatumia kwa zaidi ya miezi mitatu. Mvua ya kwanza iachwe ioshe bati, tangi lifunikwe, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ili kuua vijidudu.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa bibi. Fedha ya simtanki na gata haikutoka kwangu peke yangu. Kikundi chake cha kuweka na kukopa kilimkopesha sehemu, na mama wa watoto, anayefanya kazi katika shamba la maua Usa River, akalipa kidogokidogo. Mvua za masika zilipoanza, yule mdogo alikuwa na mwaka mmoja na miezi michache.

Sasa anakaribia miaka 6. Kila anapokuja na dada yake namtembeza mbele yangu kwenye korido, na hadi leo miguu yake imenyooka. Lakini hukumu kamili bado. Meno ya mbele ya kudumu huota karibu na miaka 6 au 7, nayo hubeba kumbukumbu ya maji ya utotoni. Mara ya mwisho alinionyesha jino la chini linalotikisika, akilisukuma kwa ulimi kwa furaha. Bibi alinitazama, nami nikamtazama. Tulikuwa tunangoja kitu kimoja.

Mpwa wangu alirudi chuoni wiki iliyofuata. Alipokuwa akifunga mizigo aliniomba anwani ya kijiji. Anataka siku moja akafanye utafiti wake huko. Nilimwambia aende kwanza akamsalimie bibi, na aende na masikio.